Ejoku Yupi?

Mildred Nanjala alikuwa mtu wa foleni. Si kwamba aliipenda. Nani aliyewahi kupenda foleni? Ila kwa miaka mitano na ushei watu karibu elfu moja walikuwa wakimuuliza yeye, kabla hata ya kumuuliza Mungu, malori leo yamefika wapi. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kuchapa fomu za forodha katika ofisi ya wakala mmoja mjini Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, chumba cha mabati chenye feni inayozunguka kwa kusuasua. Kazi yake isiyo na mshahara, na ndiyo iliyommaliza, ilikuwa kundi la mtandaoni lililoitwa Foleni Leo.

Kundi lilizaliwa mwaka wa korona, madereva walipokuwa wakilala barabarani siku nne wakisubiri kupimwa pua. Mildred aliona wanaume wazima wakioga kwa maji ya kopo kando ya lami, akachoka kuona, akafungua kundi ili waambiane: Malaba imejaa mpaka Kimaeti, piteni Busia, Busia imejaa mpaka Korinda, geuzeni. Alidhani litadumu wiki mbili. Wakaingia madereva, matanboi wanaowasaidia njiani, mawakala, wabadilisha pesa, na akina mama wanaouza chakula kutoka Mlolongo hadi Kampala, wote wakiwa na haraka na wote wakimwita mama admin. Mama admin hana likizo. Mama mkwe wake alipozikwa kule Bukhayo, Mildred alijibu maswali ya foleni kaburini, simu kaificha ndani ya leso.

Sheria za kundi zilikuwa nyingi, lakini iliyoshikwa ni moja: jina bila alama ni uvumi. Ilitungwa baada ya mjinga mmoja kuandika kwamba Wafula amepindua lori Bumala. Wafula wa kundi walikuwa kumi na mmoja. Wake kumi na mmoja walipiga simu, mmoja wao akalazwa kwa presha, na kumbe Wafula aliyepindua lori hakuwa hata mwanachama. Kuanzia siku hiyo, ukimtaja mtu sharti utangulize ile a yenye mkia uliojikunja, @, jina ligeuke buluu, kila mtu ajue ni Wafula yupi. Asiyefuata alitolewa nje siku tatu. Mildred mwenyewe aliishika sheria mpaka ikamwingia vidoleni. Aliandika @ hata alipomwachia mwanawe kikaratasi cha kwenda dukani.

Miongoni mwa wauza chakula wa kundi alikuwapo Akiror, mwanamke wa miaka thelathini na miwili, mwembamba, mcheshi akishakuzoea. Kibanda chake kilikuwa Malaba, nyuma ya kinu cha unga, hatua chache kutoka barabara ya malori. Alipika maharagwe, nyama ya kuchemsha, na atap, ule ugali mweusi wa wimbi na muhogo ambao Mteso akiukosa siku tatu anaanza kugombana na watu. Mkono wake wa kushoto haukunyooka. Ulivunjwa na mumewe kwao Kumi, mji wa ng'ambo ya mpaka, na alipokwenda kushtaki aliambiwa arudi nyumbani wakayamalize. Hakurudi. Alivuka mpaka kwa njia ya panya na begi moja, akaanza kupika.

Mumewe, Ejoku, alikuwa dereva wa tangi la mafuta, na kila wiki alipita Malaba. Mildred alipoambiwa hivyo mara ya kwanza, alidhani hajasikia vizuri.

"Sasa mbona ukakaa hapo hapo penye anapita?"

"Mama, huyo akinitafuta atanitafuta Nairobi," Akiror akasema. "Hawezi fikiria niko mahali anasimamanga kukojoa."

Na ikawa hivyo kwa miaka miwili. Siku Ejoku alipokuwa njiani, Akiror hakutoka. Siku nyingine alipakia masufuria kwenye mkokoteni akaufuata mkia wa foleni, maana mwenye njaa kuliko wote ni yule wa nyuma. Bila Foleni Leo asingejua mkia uko wapi, wala Ejoku amefika wapi. Kundi ndilo lililomlisha na ndilo lililomficha, na Mildred, aliyekuwa hajawahi kupata hata asante ya maana kwa kazi ile, alijiambia kwamba kwa huyu mmoja inatosha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ule mtandao mkubwa waliokuwa wakiutumia, ambao kila mtu yumo na hakuna aliyewahi kumwona mwenyewe, uliichukua namba ya simu ya Akiror, ukaona inajuana na namba za dada zake kule Kumi, ukamwonyesha Ejoku picha ya sufuria ya atap na maneno: Huenda unamfahamu. Ejoku alimfahamu. Akampigia. Hakutukana, alisema tu, "Naona siku hizi uko na laini ya Kenya." Akiror akaikata laini ile vipande vinne kwa kisu cha nyanya, akatoka kundini. Kwa wiki tatu alisukuma mkokoteni kwenda kushoto na foleni iko kulia.

"Nimerudi na masufuria imejaa mara nne," alimwambia Mildred kwa simu ya jirani. "Mama, si kuna mtandao yenye haiulizi namba?"

Mtandao huo Mildred hakuujua. Alikuwa na Methuselah.

Methuselah alikuwa na saiba, duka la kompyuta na intaneti, nyuma ya soko la Busia. Wazazi wake walimpa jina la mzee kuliko wazee wote wa Biblia, naye akaishi kuwaaibisha, kwa sababu hakuna kitu kipya kilichopita Busia bila yeye kukijaribu kwanza. Zamani alikuwa fundi wa simu za waya. Simu za waya zilipokufa, hakumwaga chozi. Alinunua kompyuta tatu, na kwa miaka saba alihubiri habari za uhuru wa mitandao kwa watu waliokuja kutoa kopi ya kitambulisho. Mildred alipomuuliza swali la Akiror, bila kumtaja Akiror, mzee yule alisimama kabisa.

"Iko," alisema. "Iko mitandao haina mwenyewe mmoja. Kila jamii inaweka seva yake. Halafu seva zinaongea, kama forodha ya hapa na ile ya ng'ambo. Kila moja iko na bosi yake lakini lori inapita. Yetu tunaweka sisi. Haitauliza mtu namba. Haitaonyesha mtu mtu. Hakuna matangazo ya dawa ya nguvu za kiume."

"Na bei?"

"Ah," akasema Methuselah, akaketi tena. "Hapo sasa."

Walikutana Jumamosi katika hoteli ya chai pale Korinda, watu kumi na wanne, wengi wakiwa wamefuata mandazi. Methuselah alieleza kwa saa nzima na nusu. Alieleza seva, akaeleza nywila, akaeleza mambo arobaini ambayo yote yalikuwa ya muhimu, na kufikia la kumi watu walikuwa wakitazama nje. Phanuel, dereva wa simiti mwenye sauti ya honi, ndiye aliyemkatiza.

"Mzee, ngoja. Hii ya sasa nanunua bando ya mbao, shilingi ishirini tu, natumia wiki mzima. Hiyo yako itakula bando yangu yote nikifika Salgaa. Mimi nahama nipate nini?"

"Siri yako," Methuselah akasema. "Rahisi ghali, kijana. Kitu unapewa bure, ujue wewe ndio unauzwa."

"Sasa nani anataka kununua siri ya Phanuel?" Watu wakacheka. Akamgeukia Mildred. "Mum, kweli, mimi sina siri. Bibi yangu anajua yote, na yenye hajui polisi wanajua."

Mtu asiye na siri ni mtu ambaye hajawahi kutafutwa, na Mildred hakuweza kumwambia Phanuel hivyo, kwa sababu sababu yenyewe ya kuhama ilikuwa siri. Ilimbidi atetee jambo zito kwa hoja nyepesi. Akasema namba zao zinauzwa kama nyanya, matapeli wanawapigia, mtandao mkubwa unaweza kuwafungia siku yoyote na hawatakuwa na pa kulalamika. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililomchoma mtu.

Ikabaki programu. Methuselah alisema ziko mbili zinazofaa. Ya kwanza ilikuwa nzuri, pana, ya kistaarabu, iliyokuuliza una hakika kabla ya kutuma ujumbe, lakini ilitaka seva kubwa ya shilingi elfu nne mia tano kwa mwezi, tena zinalipwa kwa dola, na dola haina huruma. Ya pili ilikuwa nyepesi, ilifunguka hata kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, ilitoshwa na seva ya elfu moja mia tano, na haikukuuliza kitu. Walitazama simu zao. Walitazama mifuko yao. Phanuel alisema simu za madereva ni za kuombea dua, na watu wakaitikia amina. Mildred akachagua ya pili, kisha akalipa chai.

Kati ya watu karibu elfu moja walihama mia tatu na kumi. Wengine walisema watahama kesho, na kesho ya mtandaoni haina tarehe. Mchango wa seva ulitolewa mwezi wa kwanza; wa pili Mildred akajaza pengo kutoka mfukoni mwake, wa tatu akanyamaza akalipa wote. Sasa alikuwa na makundi mawili, la zamani na jipya, na kila habari aliiandika mara mbili. Mumewe alimwambia kwamba siku hizi akiongea naye anamwona paji la uso tu.

Lakini Akiror alirudi. Methuselah alimfungulia mlango bila namba, akamwambia achague jina lolote. Akiror akatazama juu, akaona paa la kibanda, akajiita @bati_kuukuu. Hakuna binadamu ambaye angemjua. Alipouza masufuria yote matatu siku ya kwanza, alimpelekea Mildred picha ya masufuria matupu, na Mildred aliitazama picha ile ofisini, fomu zimerundikana, akacheka peke yake kwa furaha.

Kisha Ejoku naye akaomba kuingia.

Ombi lake lilikaa siku mbili. Wakati huo kulikuwa na dereva mwingine wa jina hilo, mtu mpole wa Amukura anayebeba simiti, kwa hiyo mume wa Akiror alijiita @ejoku_mafuta na yule mwingine @ejoku_simiti. Mildred alilipima jambo lile kwa kila upande. Akimkataa, atauliza kwa nini, na madereva watauliza naye, kwa kuwa tangu kundi la zamani, kwa kuripoti foleni, Ejoku hakuwa na mpinzani: mfupi, sahihi, hana matusi. Akimkubali, angalau atajua amefika wapi. Ndani ya mtandao huu hakuna namba, hakuna Huenda unamfahamu. Akamkubali. Na kila alipoandika kwamba yuko Webuye, au Kanduyi, au Kimaeti, Mildred alimwandikia Akiror faraghani maneno mawili: Leo usitoke.

Miezi minne. Njia hiyo haikukosea hata mara moja. Methuselah alikuwa akipita ofisini akiuliza seva yake inaendeleaje, kama mtu anayeuliza mjukuu, na Mildred alimjibu kweli kwamba anamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Mfumo wa forodha ulikuwa umelala tangu asubuhi, Busia na Malaba zote zimefunga, wenye mizigo wanapiga kelele dirishani, na Mildred alikuwa na fomu sitini za kurudia. Hakuwa amekula. Saa tisa alasiri aliona ripoti mbili zimefuatana, Ejoku yuko Kanduyi, Ejoku yuko Amagoro, zimeandikwa na tanboi mmoja mgeni ambaye hakujua sheria. Akamwandikia Akiror yale maneno mawili. Akiror akajibu faraghani.

"Mama, Ejoku yupi? Nimeshapika yote."

Swali la haki. Mtu akishapika, chakula hakirudi kuwa mbichi. Mildred akatafuta, akahakikisha, na kwa kidole kimoja, kingine kikiwa kwenye fomu, akaandika:

"Akiror mwanangu, ni @ejoku_mafuta. Ako Amagoro. Funga kibanda, jifungie hapo nyuma ya kinu mpaka avuke."

Akatuma. Akachapa fomu mbili. Simu ikalia kidogo, akaitazama.

"Asante mama admin," lilisema jibu. Lakini halikutoka kwa @bati_kuukuu.

Alilisoma mara tatu. Juu ya ujumbe wake, mahali palipokuwa na majina mawili siku zote, sasa palikuwa na matatu, na la tatu lilikuwa la buluu, safi, limeandikwa kama sheria inavyotaka. Vidole vyake vikaanza kufanya vitu vyenyewe. Akaufuta ujumbe. Ukafutika kwake. Akampigia Akiror, simu imezimwa. Akapiga tena. Kisha akainuka, akawaacha wenye mizigo dirishani wakimwita mama, dada, madam, akatoka nje akapanda boda ya kwanza aliyoiona.

"Malaba," akasema. "Kimbiza."

"Malaba ni mbali, mum, tuongee bei kwanza."

"Nimesema kimbiza!"

Kutoka Busia hadi Malaba ni kama kilomita thelathini, na kutoka Amagoro hadi Malaba ni za kuhesabu kwa vidole. Mildred alizipiga hesabu hizo njia nzima, upepo ukimtoa machozi, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Walipopita Adungosi alianza kusali, akaona aibu, akaacha, akaanza tena.

Moto ulikuwa bado unawaka kibandani. Maharagwe yalikuwa yanatokota. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na kwenye benchi ya wateja alikuwa ameketi mwanamume mmoja wa makamo, shati lake safi, anakula atap kwa utaratibu, tonge baada ya tonge. Mteja, Mildred akajiambia, na moyo ukamtua kidogo.

"Boss, samahani," akasema, akihema. "Mwenye hoteli ako wapi?"

"Hata mimi nauliza hivyo." Mtu yule alimeza kwanza, kisha akainua macho. "Wewe ndio mama admin? Sauti yako naijua, ulikuwa unatuma voisi wakati wa korona. Karibu. Mimi ni Ejoku."

Mildred alikuwa amemwogopa mtu huyu miaka miwili na akilini alikuwa amempa macho mekundu na ndevu. Huyu alikuwa na uso wa mtu aliyeendesha gari siku mbili bila kulala. Uso uliochoka, kama wake.

"Jirani anasema ametoka mbio, hata aproni hajavua," Ejoku akaendelea. "Nimejipakulia. Chumvi bado anaweka mingi." Akatazama kibanda: sufuria, kanga iliyoning'inia, godoro lililokunjwa. "Kila wiki napita hapa, mama. Miaka mbili. Nimetafuta Nairobi, nimetafuta Eldoret. Na ako hapa, nyuma ya kinu."

"Ulimvunja mkono."

"Nilikosa. Nitamwambia mwenyewe."

"Hataki kuambiwa."

"Basi hiyo pia aniambie mwenyewe. Hii ni mambo ya nyumba, mama, sio ya group."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Mildred alitaka kumpiga kwa mwiko uliokuwa pale mezani, alitaka kwa mwili wake wote, na hakumpiga. Simu ya Ejoku ikalia. Tanboi wake alikuwa akipiga kelele kwamba foleni imesonga, watu wanampigia honi, aje. Ejoku akanawa mikono, akaisuuza sahani, akaiinamisha mahali pake. Akaweka noti ya mia mbili mezani, akaikandamiza kwa kikombe.

"Yeye nyumba amehama leo," alisema, akifunga kifungo cha shati. "Lakini biashara yake ni barabara. Na barabara ndio kazi yangu. Nashukuru sana, mama. Kama si wewe ningetafuta mpaka nife."

Alipoondoka Mildred aliketi kwenye benchi. Akazima moto chini ya maharagwe. Jirani akaja akasema Akiror alikuwa ameinama anaonja mchuzi, simu ikalia, akasoma, akaizima, akaiweka chini polepole kama kitu cha moto, halafu akapita mlango wa nyuma na begi dogo kuelekea mtoni, kwenye mpaka. Simu yenyewe ilikuwa bado pale, kando ya chumvi.

Kesho yake Methuselah alifungua seva, akatazama, akavua miwani.

"Kule zamani, ukiandika jina na alama kwa ujumbe ya siri, hakuna kitu inafanya," alisema. "Ni rangi tu. Lakini huku, hiyo alama ni mlango. Huku kutaja mtu ni kumwalika. Ujumbe ulienda kwake kama barua yake. Nilieleza hii pale Korinda."

"Ulieleza mambo arobaini pale Korinda, mzee."

"Ni kweli." Akafuta miwani kwa shati ingawa haikuwa chafu. "Ile programu ingine ingekuuliza. Ingesema, una hakika, watu wawili wataona. Ile ya elfu nne mia tano."

Tofauti ilikuwa shilingi elfu tatu kwa mwezi. Mildred hakumlaumu Methuselah, wala programu, wala tanboi mgeni. Ule mtandao mkubwa ulimsaliti Akiror kwa sababu haukumjua wala haukumjali. Yeye alimjua, na alimjali, na kazi ile ile aliifanya kwa kidole kimoja.

Mwezi ulipokwisha hakulipia seva. Mia tatu na kumi walirudi kule walikotoka, wengi bila hata kujua kwamba waliondoka kwa sababu yoyote, na Phanuel aliandika kwamba sasa bando inatosha, Mungu ni mwema. Ejoku naye alirudi. Kila wiki ripoti zake zilifika, fupi, sahihi: Foleni imefika Kocholia, polisi wawili Kimaeti, asante @mildred. Alama hakuisahau hata siku moja. Kila alipoiona, Mildred aliigeuza simu kifudifudi, akaendelea kuchapa. Mara mbili alienda Malaba kutazama kibanda. Mara ya pili palikuwa pamekodishwa na muuza viatu.

Ilikuwa Jumapili ya wiki ya saba, wametoka kanisani, Mildred anavua viatu mlangoni, simu ilipolia. Namba ya Uganda, asiyoijua.

"Mama."

Aliketi pale pale sakafuni. "Akiror! Uko mzima? Amekupata?"

"Niko mzima. Hajanipata. Napika." Kulikuwa na kelele nyuma yake, watu, vyombo, redio kwa Kiganda. "Nilitaka tu ujue usikonde."

"Uko wapi, mwanangu?"

Lilimtoka kabla hajalifikiria. Miaka mitano na ushei alikuwa akiwauliza watu swali hilo hilo mara hamsini kwa siku, uko wapi, umefika wapi, na sikuzote walimjibu. Safari hii alisikia mwiko ukigonga sufuria, mara moja, mara mbili.

"Mama, nakupenda," Akiror akasema hatimaye. "Wewe ulinisaidia kuliko mama yangu. Lakini wewe siwezi kuambia."

"Sitaandika popote. Naapa. Sitaandika tena."

"Najua hutaki. Hata ile siku hukutaka." Hakukuwa na hasira katika sauti ile, na hapo ndipo palipouma. "Hii simu ni ya mtu. Futa hiyo namba, mama. Tafadhali, futa hata kwa kichwa."

Simu ikakatika. Kioo kikauliza kama anataka kuihifadhi namba. Mildred aliifuta, akaingia mahali pa simu zilizopigwa akaifuta na huko, akaizima simu akaiweka chini ya mto. Lakini yeye alikuwa mtu wa kuchapa namba za makontena mwaka nenda mwaka rudi, na namba akishaiona mara moja inakaa. Ilikuwa imeshakaa, yote, tarakimu kwa tarakimu.

Mumewe alipokuja kumwita chakula alimkuta kitandani na nguo za kanisani, macho kayafumba, anasoma kwa sauti ya chini namba za makontena yote ya Alhamisi na Ijumaa, anazirudia, anazichanganya, anaanza upya. Akamuuliza ana nini. Mildred akamwonyesha kwa mkono asubiri, akaendelea. Kufikia magharibi, za ile namba ya Akiror zilikuwa zimebaki kichwani tarakimu tatu.